Jinsi ya kushona hikinuki, kimono ya kabuki inayobadilika rangi mbele ya watu

Kila nikitaja hikinuki maswali yanayokuja ni yaleyale: ni velkro? kuna zipu imefichwa? lazima iwe hariri? mchezaji anaweza kujivua mwenyewe? Nimejibu mmojammoja mpaka nimeona bora niweke yote sehemu moja, wewe soma tu ukiwa na mkasi karibu.

Kwa ambaye hajawahi kuona. Mchezaji wa kabuki, ule mchezo wa jukwaani wa jadi wa Kijapani, yuko jukwaani na kimono nyekundu, anacheza, anageuka, mtu aliyekaa nyuma yake anavuta, na kufumba na kufumbua kimono imekuwa ya samawati, ngoma haijasimama hata kidogo. Hiyo utaikuta kwenye Musume Dojoji, ngoma aliyoicheza Nakamura Tomijuro wa Kwanza huko Edo, ndiyo Tokyo ya leo, mwaka 1753. Na kwenye Sagi Musume, ya 1762, msichana ambaye kumbe ni roho ya yangeyange anasimama kwenye theluji na nguo nyeupe tupu, halafu ghafla ni binti wa mjini kwenye nyekundu. Mi nikiitazama hiyo ya pili mpaka leo nywele zinasimama, na najua kabisa uzi uko wapi.

Maana ni uzi tu. Ni bandi, ileile bandi unayopiga kabla ya kushona mshono wa kweli, tofauti ni kwamba hapa bandi ndiyo mshono wenyewe na ncha yake ina kishanga cha kushikia. Zipu haipo, sumaku haipo. Watu wengi wanashindwa kwa sababu wanashona vizuri mno, mkono wa fundi umezoea mshono usiofunguka, na hapa unatakiwa ushone kitu kishike mbele ya watu dakika kumi halafu kiachie mara moja bila kubishana.

Hii ninayokupa ni kata ya mwanafunzi, nimeirahisisha, ya kabuki kamili ina nyuzi zaidi na mafundi wake wanajifunza miaka. Lakini wazo ni lilelile, vazi la nje limegawanywa kiunoni juu na chini na obi, ule mkanda mpana, ndiyo unaficha mahali lilipokatwa.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kitambaa cha nje mita 4, upana sm 115. Chepesi, laini, kisichonata. Satini nyepesi au tafeta ni sawa.
- Kitambaa cha ndani mita 4, upana huohuo, rangi inayopingana kabisa na ya nje. Nyeupe na nyekundu, nyekundu na samawati. Ukiweka waridi juu ya nyekundu, aliyekaa kiti cha nyuma hataona kama kuna kitu kimetokea.
- Obi ya upana wa sm 15, urefu kama mita 3 na nusu, na vitambaa vyembamba viwili vya kufungia kiunoni.
- Uzi mnene wa pamba, ule wa kufumia vitambaa vya meza unafaa sana. Rangi ya nguo ya nje.
- Shanga tano, ukubwa wa punje ya mbaazi.
- Mshumaa, sindano ndefu yenye tundu kubwa, chaki, futi, pini, mkasi mkali, cherehani, pasi.
- Watu wawili wa kuvuta. Wanaitwa koken, na ni sehemu ya vazi kama mikono ilivyo sehemu ya vazi, usianze kushona kama hujajua ni nani.

Hariri si lazima. Kitenge kipya chenye nta usitumie kwa nje, kinasugua uzi na kinapiga kelele. Kanga zilizochakaa ni nzuri kwa jaribio la kwanza kwa sababu hutaumia ukiharibu.

Hatua

1. Pasua kitambaa mikanda mitatu. Japani kimono inakatwa kwenye jora jembamba liitwalo tanmono, upana wake kama sm 36 hadi 38 na urefu kama mita 12, na karibu kila kipande ni mstatili, hakuna kukata kwa duara. Sasa angalia, kitambaa chako cha sm 115 ukikipasua kwa urefu mara tatu unapata mikanda ya sm 38, mitatu mara mita 4 ni mita 12, jora zima la Kijapani liko mezani kwako. Fanya hivyo kwa kitambaa cha nje na cha ndani.

Mkanda wa kwanza na wa pili: kata mita 3 kila mmoja, hivi ni viwiliwili, kushoto na kulia, kila kimoja kinapita juu ya bega kutoka miguuni mbele hadi miguuni nyuma, begani hakuna mshono. (Mchezaji wa urefu wa sm 160 anatosha hapo, mrefu zaidi ongeza kitambaa.) Mkanda wa tatu: kata mita moja mara mbili, hiyo ni mikono, ikikunjwa inashuka sm 50. Mita 2 zilizobaki zitoe vipande viwili vya kuongezea upana wa mbele, sm 15 kwa sm 140. Kola inatoka kwenye mabaki ya mita moja moja uliyonayo, unaunganisha mpaka ufike kama mita 2, upana sm 12.

2. Shona ya ndani kwanza, kamili. Unga mgongo katikati, ongeza vile vipande vya mbele, weka kola, weka mikono, funga ubavu. Hii ni nguo ya kawaida, shona kwa cherehani na acha sm 2 za mshono kila mahali. Kumbuka hiyo 2.

Mikono ya kimono ya kike haijafungwa yote upande wa mwilini, chini ya kwapa panabaki wazi kwenye mkono na kwenye ubavu. Usipafunge ukidhani ni kosa.

3. Shona ya nje kwa sm 1. Ndiyo sababu nimesema ukumbuke. Vipimo vya kukata ni vilevile lakini mishono ya nje unakula sm 1 tu, kwa hiyo ya nje inatoka kubwa kidogo kila upande na inakaa juu ya ya ndani bila kubana. Watu wanahangaika kupiga hesabu ya kupanua, haihitajiki. Kola tu ndiyo unaipanua kwa sm 1 ili ifiche kola ya ndani shingoni.

Kwenye hii ya nje shona vya kudumu hivi tu: mgongo, vipande vya mbele, kola, na mkono kuungana na bega. Ubavu ushone kuanzia kiunoni kwenda chini. USISHONE ubavu kuanzia kiunoni kwenda kwapani, na usishone mkono wala ukingo wake wa nje wala chini. Hapo ndipo bandi zitakaa.

4. Kata kiunoni. Mvalishe mchezaji ya ndani, juu yake ya nje, mfunge obi kabisa. Piga chaki mstari ukingo wa juu wa obi na mwingine ukingo wa chini, kuzunguka. Vua. Sehemu ya juu ikate sm 4 chini ya mstari wa juu, sehemu ya chini ikate sm 5 juu ya mstari wa chini. Katikati utatupa mkanda wa sm 6, ni sawa, hauonekani. Sasa una kikoti na una sketi ya kuzungusha iliyo wazi mbele.

Kabla hujafika hapa hakikisha umeshajua obi itafungwa wapi siku ya onyesho, si siku ya kupima. Niliwahi kumkata mtu kiuno akiwa amesimama na viatu, siku yenyewe akavaa tabi, zile soksi zao za kidole kilichogawanyika, obi ikakaa chini zaidi, na mkato ukachungulia mgongoni usiku mzima.

5. Pinda kingo zote. Kila ukingo mbichi wa nje, pindo nyembamba, mara mbili, pasi. Unyuzi mmoja ukining'inia ndani ya njia ya bandi unajizungusha kwenye uzi wa kuvuta na hapo umekwama.

6. Tengeneza nyuzi tano. Mbili za mikono, mbili za ubavu, moja ya sketi. Pima mshono, ongeza sm 30, kata. Funga shanga ncha moja kwa fundo mara mbili. Halafu uzi wote upitishe kwenye mshumaa mara tatu nne, kisha uvute katikati ya vidole na kitambaa kikavu ili nta iliyozidi itoke. Ukiushika unatakiwa uwe unateleza lakini hauachi alama.

Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki uache, unang'aa chini ya taa na haukai mahali pake.

7. Piga bandi. Hapa ndipo kazi ilipo kwa hiyo soma polepole.

Anza upande wa shanga, na shanga ikae pale mkono wa koken utakapofika bila kutafuta. Kwa mkono wa nguo, shanga iwe kona ya ndani, karibu na mwili, uzi upite chini ya mkono kisha upande ukingo wa nje mpaka tundu la kutolea kiganja. Kona ya nje izungushe iwe duara, usiiache kali, uzi hauvutiki kwenye kona kali. Kwa ubavu, shanga iwe juu kidogo ya obi upande wa nyuma, uzi upande mpaka karibu na kwapa.

Mishono ya sm 2 na nusu, ndani nje ndani nje, moja kwa moja. Usirudi nyuma hata mara moja. Usitoboe uzi wenyewe kwa sindano, ukihisi sindano imepita katikati ya nyuzinyuzi toa uanze tena. Mshono wa mwisho ufanye mfupi, nusu sentimita, huo ndio unaozuia bandi isijifungue wakati mchezaji anarusha mikono.

Halafu ncha ya mwisho: USIFUNGE FUNDO. Acha mkia wa sm 5 ndani, basi. Mara yangu ya kwanza nilifunga fundo pande zote mbili kwa mazoea, vidole vilifanya vyenyewe, na jukwaani koken akavuta na kitambaa kikajikunja kama pazia huku binti wa watu amenyanyua mkono anasubiri. Hakuna kosa linalojirudia kama hili, kwa hiyo kabla hujasema nimemaliza pitia ncha zote kwa kidole.

Mshono ukizidi sm 60 ugawanye nyuzi mbili, kila mmoja na shanga yake, na hapo hesabu ya shanga inazidi tano.

8. Jaribu mezani mara kumi. Vuta shanga kwa vidole viwili. Uzi utoke wote kwa mwendo mmoja, utausikia unakwaruza kidogo kwenye kitambaa, kasauti kama mtu anachana karatasi laini mbali. Ikibidi utumie mkono mzima, mishono yako ni mifupi mno au nta ni chache. Piga tena bandi, jaribu tena. Ndiyo, mara kumi zote.

9. Valisha. Ya ndani kwanza, ifunge kiunoni kwa kile kitambaa chembamba. Upande wa kushoto wa mvaaji ukae JUU ya wa kulia. Kulia juu ya kushoto wanavalishwa maiti, na Mjapani yeyote ukumbini ataliona hilo kabla hajaona kitu kingine, kwa hiyo tafadhali.

Kisha zungusha sketi, kushoto juu vilevile. Uzi wa tano unapigwa hapahapa mwilini: shanga nyuma kushoto karibu na fundo la obi litakapokuwa, uzi uzunguke nyonga ya kushoto, upite mbele ushike ile mikunjo miwili, uishie nyonga ya kulia. Sindano ishike sketi na kimono ya ndani tu, tia kiganja chako chini usimchome mtu.

Vaa kikoti, kola ya nje ifunike ya ndani yote. Sasa obi juu ya vyote: kikoti kimechomekwa chini yake sm 3, sketi sm 4. Obi ibane katikati, kingo zake za juu na chini zisikabe, zinatakiwa ziachie.

10. Fundisha koken mpaka achoke. Kwenye kabuki koken wa ngoma mara nyingi anavaa rasmi, kimono yenye nembo ya ukoo wa mwigizaji, na kwenye michezo mingine anavaa nyeusi mpaka usoni, anaitwa kurogo, watazamaji wamekubaliana tangu zamani kwamba nyeusi maana yake hayupo. Kukiwa na theluji anavaa nyeupe. Wewe chagua kulingana na pazia lako la nyuma.

Mpangilio wa kuvuta ni huu. Mchezaji anageuka, koken wa kwanza anatoa nyuzi za mikono, moja kila akigeuka, hana haraka. Kisha za ubavu. Koken wa pili anatoa ya sketi. Kuanzia hapo nguo imekaa begani na kwenye obi tu, na mchezaji ameshika kingo za mikono kwa vidole vyake mwenyewe zisifunguke. Hii ni kama sekunde thelathini za kucheza ambazo watazamaji hawajui chochote. Halafu pigo la ngoma mliloelewana, mchezaji anaachia vidole, wa kwanza ameshika kola nyuma ya shingo anavuta JUU KIDOGO kisha nyuma, wa pili anavuta sketi chini kisha nyuma, kwa pamoja. Kwa kuwa mikono na ubavu vimefunguka, kikoti kinatoka kama shuka. Vitu vyote vikunjwe tumboni kwa koken, aondoke ameinama.

Shanga tano ziwe mkononi mwao kabla ya pigo. Wahesabu. Nne maana yake hakuna kuvuta, mchezo unaendelea na nguo ileile, na hilo mkubaliane mapema ili mtu asiamue peke yake jukwaani.

11. Onyesho likiisha, piga bandi upya. Nyuzi mpya, nta mpya, kila siku. Onyesho la kabuki linaendelea siku kama 25 kwa mwezi, na kila siku hizo kuna mtu nyuma ya jukwaa amekaa na sindano anarudisha bandi zilezile alizozishona jana.

Ikigoma

*Uzi umekatika ndani.* Umechakaa au umetobolewa na sindano. Mkiwa mazoezini fumua, mkiwa jukwaani achaneni nayo, usivute kwa nguvu maana utachana mgongo.

*Bandi inajifungua kabla.* Nta imezidi, au mishono ni mirefu kuliko sm 3. Ongeza kale kamshono kafupi kawe tuwili, si zaidi.

*Mkono wa nje unanasa kwenye wa ndani.* Vitambaa viwili vya poliesta vikisuguana vinashikana kama vimepakwa gundi, hasa siku kavu. Nyunyizia maji kidogo sana kwa ndani nusu saa kabla, au badilisha ya ndani iwe pamba.

*Rangi ya ndani inaonekana kwenye kiganja.* Mikono ya ndani ipunguze sm 2, na kabla ya onyesho ipige bandi moja ndogo ikae juu.

*Sketi haitoki nyuma.* Obi imekaba ukingo wa chini. Ingiza kidole kati ya obi na sketi ukimaliza kufunga, kisipopita legeza.

*Darizi zinakwaruza.* Weka darizi na shanga za mapambo mbali na njia ya uzi, angalau sm 4.

Na bukkaeri je?

Wengi wanaichanganya na hii. Kwenye bukkaeri nguo haiondoki, nyuzi ziko mabegani, zikitolewa sehemu ya juu inaanguka mbele na nyuma na kufunika sketi, kwa hiyo unachokiona ni bitana yake na kimono nyingine iliyokuwa chini yake. Inatumika mhusika akijidhihirisha alivyo, kama Narukami, yule mtawa aliyedanganywa na binti wa kifalme, hasira inampanda na vazi lake jeupe linajaa ndimi za moto. Ukitaka kuijaribu, tumia kimono uliyoishona hapa lakini usikate kiuno, fungua begani badala ya ubavu, na bitana uipake au uichape picha KICHWA CHINI, kwa sababu ikianguka inapinduka, na moto unatakiwa uwake kwenda juu.